Ukoko wa injini hauondoki kwa dizeli ya dakika kumi

Asubuhi moja ya Julai, kwenye ile baridi ya Arusha inayokufanya uendeshe gari na shuka begani, fundi mmoja wa mtaa wa Unga Limited alifungua kifuniko cha oili cha Spacio yangu, akaingiza kidole, akanionyesha. Rangi ya chai ya maziwa, uzito wa mlenda.

"Dada, hii injini ina kolesteroli," akasema, na wala hakucheka.

Dawa yake ni ile unayoikuta gereji nyingi za mjini: dizeli nusu lita juu ya oili ya zamani, injini inaunguruma dakika kumi, kisha unamwaga yote. Iliyotoka ilikuwa nyeusi tii, tukafurahi. Siku ya nne, karibu na Kisongo, taa nyekundu ya oili ikawaka. Sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, iliposhushwa, chujio la pampu lilikuwa limezibwa na magamba meusi makavu kama maganda ya karanga. Dizeli ilibandua uchafu vipande vipande, oili mpya ikavizoa na kuvirundika hapo.

Tangu siku hiyo sitaki kusikia habari za dizeli kwenye injini yenye umri. Bora dawa za kusafishia zenye esta, zile unazochanganya na oili mpya ukaendelea na safari zako, kilomita kwa kilomita, hadi sevisi ijayo.

Fikiria sufuria ya ugali. Ukoko ukishaganda, unaweza kuukwangua kwa kijiko ukaharibu sufuria, au ukauloweka usiku kucha, asubuhi ukatoka wenyewe. Esta inaloweka. Ni kiungo kinachopatikana asidi na alikoholi zikiungana, na molekuli yake ina upande wenye chaji kidogo ya umeme, kwa hiyo inavutwa na chuma. Inajipenyeza kati ya chuma na ile gundi ya oili iliyoungua, inailainisha tabaka kwa tabaka. Viambato vingine vya oili vinaushika uchafu huo ukiwa bado chembe ndogo, visishikane, hadi utakapomwaga.

Si kitu kigeni: mafuta ya nyonyo tunayopaka kwenye nywele nayo ni esta, na ndege nyingi za Vita Kuu ya Kwanza zilitumia hayo hayo kulainishia injini. Ila msiende kumimina nyonyo kwenye gari. Ikipata joto la muda mrefu yenyewe inageuka gundi.

Nilichojifunza kwa uchungu ni kwamba uchafu wangu niliutengeneza mwenyewe. Safari zangu zilikuwa fupi fupi: kutoka mtaani Sakina hadi shuleni kwa watoto, sokoni, nyumbani. Injini haipati moto wa kutosha kukausha mvuke wa maji, unabaki humo unachanganyika na oili. Halafu Spacio yangu ya cc 1800 ina injini ya 1ZZ-FE, na zile za miaka ya mwanzo zina matundu madogo mno ya kurudishia oili kwenye pistoni; Toyota walikuja kuyarekebisha baadaye. Yakiziba, ringi ya oili inaganda, haikwangui tena ukuta wa silinda, na wewe unatembea na moshi wa bluu nyuma.

Hapo ndipo pesa ya esta inapolipa: ringi iliyoganda. Ringi iliyolika ni habari nyingine. Hakuna chupa inayorudisha chuma kilichokwisha, na muuza spea anayekuambia dawa yake inaepusha ovaholi anakuuzia matumaini. Kama gari lako ni jipya na oili unamwaga kwa wakati, huihitaji kabisa.

Ukiitumia, usisubiri kilomita zote ulizozoea kabla ya sevisi. Mimi nilibadili filta mapema, na ilitoka nzito kwa tope.

Zamani Spacio ilikuwa inakunywa lita moja ya oili kila kilomita 1,000 hivi. Baada ya sevisi mbili zenye esta, lita hiyo inanifikisha 2,500. Bado inakunywa, sikatai. Fundi wangu wa sasa anasema si esta, ni kwa sababu siku hizi naenda Moshi kila wikendi na injini inapata moto barabarani. Anaweza kuwa na hoja, lakini chupa ya tatu nimeshanunua.