Raba ya mbio ndefu ichaguliwe na njia, siyo na Instagram

Vijana wa joging hapa Mbeya wananiuliza sana hili swali, eti kaka nikijichanga nikapata zile raba zenye bamba gumu la kaboni ndani ya soli si mbio ndefu za Jumamosi zitakuwa mteremko? Mi nasema hapana, tena huo mteremko wenyewe ndo unaotumaliza.

Angalia tunapokimbilia. Ukitoka Uyole ukashika njia ya Tukuyu, ukishapita Igawilo unapanda weee mpaka Isyonje, ukifika huko ukungu umeshuka, wamama wanapakia viazi, lami imelowa na ukisogea pembeni kupisha lori unakanyaga tope. Na hapo bado hujageuza. Kurudi ndo kwenye kazi, maana ukishuka mapaja yanafanya kazi ya breki kila hatua, misuli inavutika huku imekaza, ndo maana Jumapili kanisani unaona mtu mzima anakaa huku kashikilia benchi la mbele. Sasa njia kama hiyo unaipelekea raba ya povu nene linalokaribia milimita 40, ambayo ndo mwisho World Athletics, shirikisho la riadha la dunia, wanaruhusu kwa mbio za barabarani, mguu unadidimia kama uko kwenye godoro, ukikanyaga kijiwe kifundo kinacheza. Zile zimetengenezwa kwa ajili ya kasi kwenye lami safi, we unaenda dakika saba kwa kilomita unapiga stori na mwenzako, kaboni ya nini?

Na hizo dakika saba ziko sawa kabisa, usione aibu. Mbeya mjini tupo kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, kila pumzi unapata oksijeni pungufu kuliko mtu wa Dar, kwa hiyo anayeposti muda wake kutoka Coco Beach asikupe presha. Kama unaweza kuongea sentensi nzima bila kukatika pumzi, endelea hivyohivyo.

Najua hii homa ya raba za kaboni imezidi tangu Mtanzania mwenzetu Alphonce Simbu achukue dhahabu ya dunia ya marathoni Tokyo 2025, saa 2:09:48, akimzidi Amanal Petros wa Ujerumani kwa sekunde 0.03, raha iliyoje! Ila tukumbuke pia Juma Ikangaa, naye Mtanzania, alishinda marathoni ya New York mwaka 1989 kwa 2:08:01 na hizi raba nene hazikuwepo.

Mi ningekuwa na hela ya pea moja ya kaboni ningenunua pea mbili za kawaida za mtumba pale Sido Mwanjelwa, na chenji ikabaki. Ila mtumba una macho yake. Usidanganywe na weupe, sabuni na brashi vinang'arisha chochote. Ikunje kwanza, inatakiwa ijikunje penye vidole, ikijikunja katikati irudishe. Bonyeza povu la soli kwa dole gumba, likiwa gumu au lina mikunjo mingi pembeni ujue mzungu kashaimaliza. Halafu iweke mezani uitazame kwa nyuma, kama imelalia upande mmoja achana nayo hata ukipewa bure, maana utakuja kulipa kwenye magoti. Gundi nayo icheki, raba iliyokaa stoo miaka inabanduka soli ukiwa katikati ya njia. Na nenda jioni na soksi zako za kukimbilia, mguu ukiwa umeshavimba kidogo, mbele ibaki nafasi ya dole gumba la mkono, la sivyo ule mteremko wa kurudi Igawilo utakugeuza kucha nyeusi.

Pea mbili ni kwa sababu ya mvua. Kuanzia Novemba raba ikilowa Jumamosi, kwa baridi letu hili Jumatatu bado mbichi, na ukiianika karibu na jiko la mkaa umeiua mwenyewe.

Siku ya mashindano, iwe Tulia Marathon hapa nyumbani au Kilimanjaro kule Moshi, hiyo habari nyingine, kama mfuko unaruhusu vaa hiyo kaboni yako. Ila isiwe ndo mara ya kwanza mguuni, ijaribu kwenye mbio ndefu mbili tatu za mwisho, panda gari asubuhi mpaka Chimala ambako barabara ni tambarare haina kupanda na kushuka, na ukimbilie upande wa kulia uyaone malori yanavyokuja.