Jack Kyle na raga isiyolipa

Machi 2009, uwanjani Cardiff, Ireland ilikuwa imetoka kuifunga Wales 17-15 na kutwaa ubingwa wa raga wa Mataifa Sita bila kupoteza mechi hata moja. Mzee wa miaka 83 akampa mkono nahodha Brian O'Driscoll. Alikuwa Jack Kyle, namba 10 wa kikosi pekee cha Ireland kilichowahi kufanya hivyo kabla, mwaka 1948.

Wanaosema fedha zimeiharibu raga humtaja Kyle kwanza, na hoja yao ina uzito. Alizaliwa Belfast mwaka 1926, akasomea udaktari huku akiichezea nchi yake. Kati ya 1947 na 1958 alicheza mechi 46 za taifa bila mshahara. Mwaka 1950 alisafiri na Lions, kikosi cha pamoja cha Uingereza na Ireland, hadi New Zealand na Australia, akacheza mechi zote 6 za kimataifa. Kisha mwaka 1966 akaenda Chingola, mji wa migodi ya shaba nchini Zambia, akafanya upasuaji huko hadi 2000. Ni miaka 34, mara tatu ya muda aliovaa jezi ya kijani! Kijana wa leo anayeingia akademia ya klabu akiwa na miaka 18 angeupata wapi muda wa kujifunza kushika kisu cha upasuaji?

Lakini katika msafara uleule wa 1950 alikuwemo Lewis Jones wa Wales. Mwaka 1952, akiwa na miaka 21, alijiunga na klabu ya Leeds kwa pauni 6,000, kucheza raga ya wachezaji 13, iliyokuwa inalipa. Kwa kanuni ya wakati ule iliyokataza malipo katika raga ya wachezaji 15, ile aliyocheza Kyle, hakuruhusiwa tena kuichezea Wales. Kosa lake lilikuwa kulipwa kwa jasho lake.

Mimi nampenda Kyle, lakini kuyatumia maisha yake kuitetea kanuni ile ni kumwonea Jones. Daktari mtarajiwa ana kazi inayomngoja. Vijana wengi wa familia za wachimba makaa kusini mwa Wales walikuwa na miguu yao tu. Kuwaambia wacheze kwa mapenzi ilikuwa rahisi kwa mwenye uhakika wa mkate.

Kanuni hiyo ilifutwa mwaka 1995, na ilistahili. Ninachokitamani kutoka enzi za Kyle ni nafasi: mechi 4 za ubingwa kwa msimu, na katikati yake wodi na vitabu.