Kocha hupimwa kwenye upungufu

Misimu minane mfululizo, kuanzia 2017/18 hadi 2024/25, ubingwa wa Ligi Kuu Bara umegawanywa sawasawa: minne ya mwanzo Simba, minne iliyofuata Yanga. Hapa Unguja hesabu hiyo anaijua hata asiyeangalia mpira, na kila upande una jina lake la kulisifu. Watu wa Yanga watakwambia Nabi. Watu wa Simba, wengine Aussems, wengine Sven. Mimi naona makocha hawa tumewapa sifa kubwa kuliko wanavyostahili, na kwamba tukitaka kumjua kocha kwa namba basi tunachungulia pahali sipo.

Tuanze na Simba. Msimu wa 2017/18 ulianza na Joseph Omog, akaondolewa Disemba, Pierre Lechantre akaja kumaliza na kombe. Patrick Aussems akachukua la 2018/19, na Novemba 2019 naye akaoneshwa mlango. Sven Vandenbroeck akabeba la 2019/20, kisha Januari 2021, katikati ya msimu, akaondoka zake Morocco. Didier Gomes akalimalizia la nne. Makocha watano, mataji manne, na hakuna hata mmoja kati yao aliyeanza na kumaliza misimu miwili.

Sasa tazama waliokuwa uwanjani. Manula golini, Kapombe na Tshabalala pembeni, Mkude katikati, Bocco mbele. Kuanzia 2018 wakaongezeka Chama na Kagere. Kagere alikuwa mfungaji bora misimu miwili mfululizo, mabao 23 halafu 22, na ndani ya misimu hiyo kocha alibadilika. Aliyempigia pasi hakubadilika. Halafu likaja dirisha la 2021: Luis Miquissone akaenda Al Ahly, Chama akaenda Berkane. Gomes alikuwepo bado msimu mpya ulipoanza. Ubingwa ukahamia Jangwani, kwa Yanga.

Ndiyo maana kila ninaposikia kwamba fulani "ametupa ubingwa" najiuliza angeutoa wapi bila Chama.

Upande wa Yanga mambo ni yaleyale, ila kuna kitu cha ziada. Nasreddine Nabi alibeba mawili, la kwanza bila kupoteza mechi hata moja. Miguel Gamondi akaja, akabeba la 2023/24. Msimu wa 2024/25 ukawa vurugu tupu: Gamondi kaondolewa Novemba baada ya kufungwa na Azam na Tabora United, Sead Ramovic kaingia, mara kaitwa Algeria kaondoka, Miloud Hamdi kaletwa kutoka Singida Black Stars. Makocha watatu ndani ya msimu mmoja, na Juni 2025 Yanga wakaifunga Simba 2-0 wakatwaa kombe.

Cha ziada ni hiki: Yanga walipoteza wachezaji pia, na hawakuanguka. Fiston Mayele, aliyemaliza kinara wa mabao 2022/23 pamoja na Saido Ntibazonkiza, aliuzwa Pyramids. Msimu uliofuata Aziz Ki, Mburkinabe, akafunga 21. Kwa hiyo siwezi kusema kwa urahisi kwamba kocha si kitu na mchezaji ndiye kila kitu. Kilichodumu Jangwani ni mfuko, na jicho la wale wanaochagua nani asajiliwe, watu ambao mashabiki wengi hatuwajui hata kwa sura. Lau kungekuwa na jezi ya mtu wa usajili ningeinunua hiyo.

Kuna wanaosema: mbona kocha akifukuzwa timu inaamka? Inaamka, kweli. Lakini kocha hafukuzwi timu ikiwa kileleni inacheka, anafukuzwa ikiwa imegusa chini kabisa, na iliyogusa chini mara nyingi hupanda yenyewe. Mchumi wa Kiholanzi, Bas ter Weel, aliichambua ligi ya kwao kuanzia 1986 hadi 2004 kwa njia ya busara sana. Hakuishia kuangalia timu zilizofukuza makocha; alizilinganisha na timu zilizoporomoka vilevile lakini zikavumilia. Zote zilipanda, na zilizofukuza hazikupanda zaidi ya zilizovumilia. Nimeisema habari hii mara kadhaa pale barazani Jaws Corner na bado sijapata aliyekubali. Mtu anakunywa kahawa yake, anatikisa kichwa, anasema "hiyo Uholanzi".

Haya, tuje Uingereza ambako kila mtu ni mtaalamu. N'Golo Kanté alikuwa Leicester msimu wa 2015/16, Leicester wakawa mabingwa kwa pointi 81. Akahamia Chelsea, iliyokuwa imemaliza ya 10. Chelsea wakawa mabingwa kwa pointi 93, Leicester wakashuka hadi nafasi ya 12. Ukiishia hapo utasema Kanté peke yake ni ubingwa unaotembea. Lakini mwaka huohuo Chelsea walimleta Antonio Conte, naye baada ya kufungwa 3-0 na Arsenal akageuza ukuta kuwa wa mabeki watatu, na timu ikashinda mechi 13 za ligi mfululizo. Kanté alikuwepo katika kipigo cha Arsenal, na alikuwepo katika zile 13. Hapo kocha anaonekana, kwa sababu wachezaji ni walewale na kilichobadilika ni mpango. Nafasi kama hizi ni chache, ndiyo maana ubishi hauishi.

Mpishi ukimpa mchele mzuri na mbuzi aliyenona, sifa utampa yeye au soko? Mpe muhogo na papa mkavu ndiyo utamjua.

Kocha wa Zanzibar Heroes, timu ya taifa ya Zanzibar, hupewa hivyo vya pili. Hasajili. Hana dirisha, hana mfadhili wa kumletea Mburkinabe. Anachagua katika waliopo, wengi wao wa ligi yetu hii ya visiwani. Mwaka 2017 ulikuwa mchungu: CAF, shirikisho la soka la Afrika, walitupa uanachama Machi, wakatunyang'anya Julai. Disemba Hemed Suleiman "Morocco" akaipeleka timu Kenya kwenye Chalenji, kombe la Afrika Mashariki na Kati. Wakaifunga Rwanda 3-1, wakaifunga Bara 2-1, wakatoka 0-0 na wenyeji, wakapoteza 1-0 kwa Libya. Nusu fainali wakamtoa Uganda, bingwa mtetezi, 2-1. Fainali Machakos walitanguliwa na Kenya mara mbili na mara mbili wakasawazisha, ikaisha 2-2, tukapoteza kwa penalti.

Mechi sita ni chache, atakayesema hivyo ana haki. Kombe lina bahati yake. Mlandege, klabu ya hapa Unguja, walichukua Kombe la Mapinduzi mara mbili mfululizo, 2023 kwa Singida Big Stars na 2024 kwa Simba hapo Amaan, na hakuna atakayesema Mlandege wana kikosi kuliko Simba. Ila kwa Morocco namba ziliendelea. AFCON ya 2023 ilipomkuta kocha wa Tanzania, Adel Amrouche, amefungiwa baada ya mechi ya kwanza, Morocco ndiye aliyekabidhiwa Taifa Stars walewale waliokuwa wamepigwa 3-0 na nchi inayobeba jina lake. Akatoka 1-1 na Zambia, 0-0 na Kongo DR. Novemba 2024 akaifunga Guinea na kuivusha Tanzania hadi AFCON iliyofuata. Wachezaji hakuwanunua yeye.

Kwa sababu hiyohiyo namheshimu Nabi kwa jambo ambalo washabiki wake hulitaja la pili: fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika 2023. Bara kikosi chake kilikuwa kizito kuliko vyote, hapimiki. Algiers hakikuwa kizito, na alishinda 1-0 ugenini dhidi ya USM Alger, kombe likamponyoka kwa kanuni ya bao la ugenini tu.

Na mchezaji naye nampima hivyohivyo. Feisal Salum alitoka JKU akaenda Yanga, akaondoka kwa mgogoro ambao sote tunaukumbuka, akatua Azam. Msimu wa 2023/24 alifunga mabao 19. Yanga bila yeye wakawa mabingwa, na wapo waliomcheka kwa hilo. Lakini Fei katika Yanga alikuwa mmoja wa wengi, Azam alikuwa yeye. Azam na Simba walimaliza na pointi 69 kila mmoja, na Azam wakachukua nafasi ya pili, pamoja na tiketi ya Ligi ya Mabingwa Afrika, kwa tofauti ya mabao. Toa 19 za kijana wetu halafu niambie nani angekwenda.