Nyigu hatambuliwi kwa rangi peke yake

Hapa Mtwara nyigu wote wanasomewa shitaka moja. Akionekana darini, watu wanatafuta moto au dawa ya kupuliza, hata kama ni yule wa udongo anayeishi peke yake na wala hana desturi ya kukipigania kiota chake. Hilo nimeshabishana nalo sana barazani. Leo nawageukia wenzangu tunaojidai kuwapenda wadudu: tunapiga picha moja kwa simu, programu inataja jina la Kilatini, nasi tunalipokea kama cheti cha kuzaliwa.

Mchukue yule mweusi mwenye kiuno chembamba cha njano, anayebandika matope ukutani. Huku kwetu mara nyingi ni Sceliphron spirifex, ambaye Linnaeus, mwanasayansi wa Sweden, alimpa jina mwaka 1758. Nimeona programu ikimwita Sceliphron caementarium, ambaye asili yake ni Amerika. Kiuno cha njano anaweza kuwa nacho na huyo pia, kwa hiyo hakikusaidii. Tazama kifua: wa kwetu ni cheusi tii, wa Amerika kwa kawaida ana alama za njano kifuani. Sasa picha imepigwa kutoka chini, mdudu yuko juu kwenye boriti. Hizo alama utazionea wapi?

Tukiachana na ndugu hao wawili, kuna wanaofanana kwa mbali tu. Delta, nyigu wa kundi jingine, naye ana kiuno chembamba na anafinyanga udongo, lakini hawatoki familia moja. Akitua, Delta hukunja mbawa kwa urefu, zikabaki kama vipande viwili vyembamba. Sceliphron hazikunji hivyo. Kiuno cha Sceliphron ni kijiti kilichonyooka, cha Delta hutanuka kidogo kidogo kuelekea tumboni. Jicho la Delta lina pengo upande wa ndani, kama figo. Hata mawindo yao ni tofauti: Sceliphron hujaza chumba buibui kadhaa aliowachoma wakapooza, na yai analitaga juu ya mmoja wao. Delta hutaga kwanza, yai likaning'inia kwa uzi ndani ya chumba kitupu, ndipo anapoleta viwavi.

Kwa hiyo picha ya nyigu akiwa na windo lake naithamini kuliko picha kumi za mgongo unaong'aa.

Kiota nacho kinadanganya. Huko Marekani, Chalybion californicum, wa buluu inayometa, hubeba maji, akalainisha udongo wa kiota cha Sceliphron, akatoa vilivyomo na kuweka buibui wake. Ukivunja kiota cha namna hiyo na kukuta buibui, utamtaja fundi badala ya mpangaji. Lazima umwone anayeingia, au umsubiri atakayetoka.

Mahali pazuri pa kuwatazama ni penye matope mabichi. Kule Newala, juu ya uwanda wa Makonde ambako maji ni ya shida, wakati wa kiangazi matope hayo unayapata bombani, chini ya ndoo za watu. Chuchumaa hapo asubuhi. Wanaokusanya udongo ni majike, maana kazi ya kujenga ni yao, na mwiba pia ni wao peke yao. Dume ana pingili 13 kwenye kipapasio, jike 12. Ndiyo, utazihesabu kwenye picha, na ndiyo, watu watakushangaa.

Wapo wanaoniambia kuandika "Sceliphron" tupu ni uvivu, kwamba jina la jenasi (kundi la ndugu wa karibu) lisilo na spishi (aina yenyewe) halijakamilika. Mimi naona kinyume chake. Jenasi iliyothibitika inaweza kuongezewa spishi baadaye na mwenye hadubini, mradi umeandika tarehe na mahali, Mikindani au Nachingwea. Spishi ya kubahatisha ikishaingia kwenye kumbukumbu, anayefuata anaiamini, na programu nayo inafundishwa kwa picha hizo hizo.