Fundi Yuko Chini ya Ndoo

Asiyewahi kuendesha skidi stia, kile kijiko kidogo kinachogeuka palepale kiliposimama, huenda hajui kwamba mlango wake uko mbele, katikati ya mikono inayobeba ndoo. Mikono ikiwa chini, unaingia na kutoka unavyotaka. Ikikwama nusu ya njia, mlango haufunguki, na wewe ni mali ya mashine. Dirisha la nyuma hutumika kutokea wakati wa dharura, ni kweli, ila aliyelipima hakunipima mimi.

Yangu ilikwama nusu ya njia. Nimebeba kokoto, injini ikakohoa, ikafifia, kimya.

Sikubabaika. Pembeni mwa kiti kuna kishikio: unakizungusha, unakivuta, mikono inashuka taratibu hata kama injini imezima. Nikanyoosha mkono. Kabla sijakigusa, nikaona viatu viwili vimechomoza chini ya ndoo. Fundi kesha jilaza kuchunguza mipira ya haidroliki, yaani mfumo wa mafuta yanayosukumwa na pampu kuinua mikono! Chini ya kokoto zote zile, na kile chuma cha kuzuia mikono isishuke hajakifunga.

"Fundi, toka!" Kioo kikameza sauti. Nikampungia mkono atoke. Naye akanipungia, tena kwa bashasha.

Akatoa kichwa, akazungusha kidole hewani: washa. Ikawaka. Akaashiria niinuke achungulie miguuni pangu, halafu nipandishe ndoo. Sasa, chini ya kiti kuna swichi. Ukiinuka tu, haidroliki inajifunga. Nikasukuma hendeli huku nimesimama nusu-nusu, kitako hewani, kichwa kimegota kwenye paa. Ndoo haikutikisika.

"Pampu imekufa!" akamtangazia bosi.

Nikaketi haraka nimwonyeshe kwamba iko hai, injini ikazima tena. Fundi akatikisa kichwa kama daktari aliyewahi kutoa taarifa hiyo kwa familia nyingi. Bosi naye kashaweka simu sikioni, anaulizia pampu.

Ilibaki kazi ya dogo anayejaza dizeli. Hakuna aliyemtuma. Alifungua kifuniko cha tangi aone kama mafuta yapo. *Fyuuuu!* Tangi likavuta hewa kwa pupa hadi dogo akaruka pembeni. Katundu ka kupumulia kwenye kifuniko kalikuwa kamezibwa na tope. Injini ilikuwa ikinyonya dizeli, hewa haiingii kujaza nafasi, mwisho mafuta yanagoma kuja. Ukiiacha ipumzike inawaka, kisha inazima tena.

Nikawasha kifuniko kikiwa wazi. Ikanguruma. Ule mngurumo ndio uliomtoa fundi chini ya ndoo, na alitoka kwa kasi ambayo sikuitarajia kwa mtu wa umri wake. Nikashusha mikono, nikatoka.

Fundi alikuwa kashika kifuniko, anakichokonoa kwa waya.

"Si niliwaambia? Hewa."

"Na pampu niliyoagiza?" bosi akauliza.

"Ya akiba hiyo, mzee. Pampu hizi haziaminiki."