Paipu zikipanda bei, stima inabeba lawama isiyo yake yote

Tangu 2022 huku Kenya, kila paipu za chuma zikipanda bei fundi wa kuchomelea akiuliza anaambiwa ni stima, stima imekuwa ghali. Mi naona hilo jibu ni kweli kwa bidhaa zingine, kwa zingine ni kisingizio tu.

Chukua nondo. Kuna viwanda hapa vinayeyusha chuma chakavu kwa tanuru za umeme na tani moja tu inakula zaidi ya yuniti 500, kwa hivyo ile ada ya mafuta ya kuzalisha stima ikiongezwa kwa bili, au stima ipotee katikati ya kazi chuma kianze kuganda ndani ya tanuru, hiyo hasara itaenda wapi kama si kwa bei? Hapo wenye viwanda wana haki kabisa ya kulalamika.

Lakini paipu nyingi haziyeyushwi hapa. Koili, yaani bati refu la chuma lililoviringishwa, inakuja na meli, kiwanda kinaikata, kinaikunja na kuichomelea, na hiyo kazi haili stima hata karibu na kuyeyusha. Pesa nyingi imelala kwa koili yenyewe. Na koili imebeba nishati ya kwao: tani moja ya chuma cha tanuru la makaa inahitaji kama kilo 770 za makaa ya mawe, ndio maana Urusi ilipovamia Ukraine Februari 2022, makaa na gesi zikaruka, viwanda kadhaa Ulaya vikazima tanuru, na sisi tukaumia bila stima yetu kuhusika. Halafu kuna dola, Januari 2024 ilifika karibu shilingi 160 na mwaka huohuo ikashuka hadi 130 hivi, na koili inalipwa kwa dola.

Paipu za jii-ai, zile zinazopakwa zinki zisishike kutu, ziko katikati, kwa sababu zinki lazima ikae moto wa digrii 450 hivi usiku na mchana, na huo moto unalipiwa hapahapa.

Wauzaji nao wanasema stoki waliyonayo waliinunua ghali, hawawezi kushusha leo. Sawa, nawaelewa, lakini mbona bei ikipanda hawangoji ile stoki ya rahisi iishe kwanza?

Kwa hivyo serikali ikipunguza bei ya stima nitafurahi, nondo itapumua, ila anayenunua skwea paipu za geti hatasikia tofauti kubwa. Yeye aulize koili iliingia lini na dola ilikuwa ngapi siku hiyo.