Anayejitolea naye aombe kibali

Kila inaposikika kwamba mgeni fulani amekamatwa Moshi au Arusha akifundisha watoto ilhali pasipoti yake ina viza ya matembezi tu, lawama huiangukia Serikali ya Tanzania. Mtu kaacha kwao, kajilipia nauli, halipwi hata senti, halafu anadaiwa kibali na kutishiwa faini? Wengine huongeza kwamba nchi yenye shida haina haki ya kumchagulia mtu namna ya kuisaidia. Hasira hiyo naielewa, na sehemu yake ni ya haki. Lakini kanuni yenyewe, ya kumtaka hata anayejitolea awe na kibali, imesemwa vibaya kupita kiasi, na hata wanaoitetea huitetea kwa hoja iliyo dhaifu kuliko zote, ile ya mapato ya Serikali.

Sheria haina utata mkubwa. Viza ya kawaida ya dola 50, au dola 100 kwa Wamarekani, haimruhusu mtu kufanya kazi, iwe ya mshahara au ya bure. Anayekuja kujitolea huomba kibali cha ukaazi daraja C, pamoja na wamishonari, watafiti na wanafunzi. Juu yake kuna kibali cha kazi kutoka kwa Kamishna wa Kazi, chini ya Sheria ya Ajira za Wageni ya 2015, ambayo imetenga daraja D kwa shughuli za dini na hisani zilizosajiliwa. Anayefanya kazi bila kibali anaweza kutozwa faini isiyopungua shilingi milioni 10 au kufungwa. Kenya inao mlango wa aina hiyo, kibali cha daraja I.

Sasa tuitazame hoja ya kwamba kazi ya bure haimdhuru mtu. Katika mzunguko wa ajira za walimu ambao usaili wake ulifanyika mwanzoni mwa 2025, nafasi zilikuwa 14,648. Walioomba walizidi 200,000. Kwa kila kiti kimoja walisimama watu karibu kumi na wanne, wote wamesomea ualimu, wengi wao wamehitimu miaka kadhaa iliyopita na sasa wanaendesha bodaboda, wanauza vocha, au wanafundisha shule za kata kwa posho ndogo inayochangwa na wazazi. Hao nao wanajitolea, ila hakuna anayewapiga picha. Mkuu wa shule binafsi au msimamizi wa makao ya watoto akijua kwamba kila baada ya wiki tatu atapokea kijana mpya wa miaka 19 kutoka ng'ambo, mwenye Kiingereza kizuri, asiyedai mshahara na aliyekuja na mchango wake mkononi, kwa nini amwajiri mwalimu aliyehitimu chuo cha ualimu cha Mkwawa? Nafasi haitangazwi, na mwalimu wetu hatajua kamwe kwamba ilikuwapo. Hilo ndilo linalonisumbua kuliko yote, kwa sababu hasara yake haionekani katika takwimu yoyote. Anayenyang'anywa ajira na mgeni mwenye mshahara mkubwa walau ana mtu wa kumlalamikia.

Tena tusisahau kwamba katika safari nyingi za namna hii fedha zinazunguka. Kijana hulipa kampuni ya kwao ili apangiwe kituo, malazi na, mara nyingi, siku chache za kwenda Serengeti au kuupanda Mlima Kilimanjaro mwishoni. Kampuni inapata faida, na kituo kinapata sehemu yake. Wanaoomba tuiite hisani tupu wanaombea pia biashara ya watu wengine isamehewe, pengine bila kujua.

Kisha kuna watoto. Mwaka 2016 mahakama ya Marekani ilimhukumu kijana wa Oklahoma kifungo cha miaka 40 kwa kuwanajisi watoto katika makao ya Nairobi alikokuwa akijitolea. Mwaka 2021 mwanamume wa Pennsylvania aliyekuwa na makao ya watoto huko Bomet alifungwa zaidi ya miaka 15 kwa makosa ya aina hiyohiyo. Jinja, Uganda, mwanamke wa Kimarekani asiye na taaluma ya tiba aliendesha kituo cha kulisha watoto wenye utapiamlo, na zaidi ya watoto mia moja walifia humo. Kesi ya madai iliyofunguliwa na akina mama wawili iliisha mwaka 2020 kwa makubaliano, bila yeye kukiri kosa.

Daktari wa kigeni hawezi kumgusa mgonjwa Tanzania Bara kabla Baraza la Madaktari Tanganyika halijamsajili kwa muda, hata akiwa bingwa, hata akitibu bure. Sijawahi kusikia mtu akiuita utaratibu huo uchoyo. Kwa nini basi anayelala jengo moja na watoto wasio na wa kuwasemea asiulizwe hata jina lake kamili, elimu yake na aliyemwalika?

Kwa wanaodhani kibali huua moyo wa kujitolea, historia yetu inasema vingine. Peace Corps, mpango wa Marekani wa kupeleka watu wa kujitolea ng'ambo, ilianzishwa na Rais Kennedy mwaka 1961, na Tanganyika ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kabisa kupokea watu wake, wakiwamo wapima ardhi na wahandisi wa barabara. Wajapani wa mpango wao wa vijana wa kujitolea wamekuwa wakija tangu 1967. Hawa huja kwa makubaliano ya serikali na serikali, wakiwa na fani inayojulikana, na hukaa takriban miaka miwili. Wale wa Peace Corps hufundishwa Kiswahili kwanza. Wapo Watanzania wengi waliofundishwa fizikia na hisabati na watu hawa na mpaka leo wanawataja kwa majina. Utaratibu haukuwazuia. Nadhani ndio uliowafanya wawe na manufaa.

Upande wa pili nao una hoja moja nzito, nayo ni ya zahanati ya kijijini. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo ana likizo ya miezi mitatu, anataka kuwafundisha wauguzi namna ya kuwahudumia watoto wenye mtindio wa ubongo. Asasi inayomwalika ina mhasibu mmoja na kompyuta moja. Inatakiwa kupita ofisi ya kazi na ofisi ya uhamiaji, kila moja na ada yake, na ada zinahesabiwa kwa dola. Majibu yakichelewa, likizo imekwisha. Kampuni kubwa ya kupeleka vijana, yenye wakala wake Arusha, haipati taabu hiyo. Kwa hiyo kanuni iliyowekwa kumzuia asiyefaa inaweza kumchuja anayefaa na kumpitisha mwenye pesa. Hoja hii siwezi kuipuuza.

Wanaoisema hutuonyesha pia nchi nyingine. Marekani humruhusu mgeni mwenye viza ya B-1 kujitolea katika shirika la dini au hisani linalotambulika, mradi halipwi. Uingereza humruhusu mgeni wa matembezi kujitolea katika shirika la hisani lililosajiliwa kwa jumla ya siku zisizozidi 30. Ni kweli. Ila mfano wa Uingereza usomwe mpaka mwisho. Akizidisha siku hizo, Mtanzania anahitaji viza ya mfanyakazi wa hisani, yenye ukomo wa miezi 12 na isiyoruhusu mshahara. Lazima awe na mdhamini mwenye leseni. Kwa kawaida aonyeshe pauni 1,270 benki, na zaidi ya ada ya viza alipe mchango wa afya wa pauni 1,035 kwa mwaka. Na hata kwa zile siku 30, viza yenyewe ya matembezi ni lazima kwanza aipate. Vijana wetu wanaokwenda Ujerumani kujitolea kwa mpango wa weltwärts nao huenda na mkataba, bima na viza ya kukaa muda mrefu, na sijaona mtu akiwaambia Wajerumani kwamba wanakataa msaada.

Kwa maoni yangu kibali kibaki, ila kipimo kihame kutoka kwenye mfuko wa mwombaji kwenda kwenye kazi anayokuja kuifanya. Sheria ya 2015 tayari inamtaka mwajiri wa mgeni awe na mpango wa kumrithisha mwananchi ujuzi huo. Sharti hilo lingetosha kumtenga yule mtaalamu wa viungo na kijana wa kupaka ukuta rangi. Mwenye taaluma anayefundisha wenzake kwa muda mfupi apewe njia ya haraka na ada ndogo, kwenye dirisha moja.

Wa makao ya watoto asipate njia hiyo hata kwa siku 30. Najua kwamba karatasi peke yake haimlindi mtoto, kwani mwovu naye anaweza kulipa ada na kupigiwa muhuri. Kwa hiyo maombi yake yapite kwanza kwa Kamishna wa Ustawi wa Jamii, ambaye chini ya Sheria ya Mtoto ya 2009 ndiye mwenye dhamana ya leseni za makao hayo, na yaambatane na cheti cha polisi cha nchi alikotoka. Kenya ilisimamisha usajili wa makao mapya mwaka 2017, na mkakati wake wa 2022 hadi 2032 unalenga kuwarudisha watoto kwenye familia, kwa kuwa wengi wao wana mzazi au ndugu aliye hai. Sisi hatujafika huko. Kwa sasa ofisa uhamiaji akiingia kwenye makao hukagua pasipoti za wageni, na afisa ustawi wa wilaya, ambaye mara nyingi hana hata usafiri wa kumfikisha huko, ndiye angepaswa kuwa naye kwenye gari hilo.